Chumvi Katika Nyumba ya Mzee Stanislaus

6 Novemba
Naanza kuandika leo kwa sababu katika ukoo wetu maneno ya mdomo hayadumu. Ukisema jambo asubuhi, jioni linakurudia limevaa nguo nyingine. Mimi ni Divine, binti wa marehemu Stanislaus, fundi cherehani hapa sokoni Kasulu. Nitakachoandika ni nilichokiona mwenyewe.

Jana kaka yangu Bazilio ameanguka kwenye mashine yake ya kusaga kule Busunzu, Kibondo. Mkono wa kushoto umelegea, mdomo umekwenda upande. Ana miaka thelathini na mitatu. Baba alianguka shambani, tena hakuwa mzee, wala hakuamka. Kaka yetu mkubwa Ndayikeza alianguka mwaka juzi akifunga mbuzi, naye hakuamka. Sasa huyu.

Mama hakulia. Alikaa jikoni akasema kwa Kirundi kwamba aliyemaliza wawili hashindwi na wa tatu.

"Nani huyo, mama?"

Aliangalia barabara ya kwenda Kibondo. Na kule Kibondo, tunayemjua sisi ni mmoja tu: mke wa Bazilio.

9 Novemba
Wamemleta hospitali ya huku kwetu, mvua inapiga tangu alfajiri. Anifa amekuja naye kwenye gari, amemkumbatia kama mzigo wa mayai. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kondoa, Mwislamu. Walifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Mama hakwenda. Miaka saba sasa Anifa ananiita wifi, nami namwitikia, lakini mkononi mwake sijala. Ndayikeza alilala kwao Busunzu, na mwezi huohuo akafa. Baba tumwache, Baba alikuwa na maadui zake wa mpaka wa shamba.

Daktari ni binti mdogo kuliko mimi, Dokta Zuhra, ametoka Pangani. Alipomwona Anifa wakaamkiana kwa salamu zao, wakaanza kuongea Kiswahili chao cha mteremko ambacho mimi nikikifuata nachelewa. Nilisimama pale na chupa ya uji kama mgeni.

Presha ya Bazilio iko juu sana. Daktari aliuliza habari za Baba na Ndayikeza. Kwa nini anauliza habari za wafu?

14 Novemba
Mvua. Presha haishuki. Kichwa kinaniuma, nadhani ni macho, nashona sare nyeusi za kwaya.

20 Novemba
Ameruhusiwa, yuko hapa nyumbani kwa Mama. Anatembea kwa fimbo, ulimi mzito. Anifa amerudi shuleni hadi likizo, atakuja Ijumaa kwa Ijumaa.

25 Novemba
Leo nimeona. Anifa amepika sufuria mbili. Kubwa ya watu wote, ndogo ya Bazilio peke yake, maharage na mchicha. Nikachukua kijiko nionje ile ndogo. Akaiondoa.

"Ya mgonjwa hiyo, wifi. Haina chumvi, haitakupendeza."

"Kwani chumvi ni sumu?"

"Daktari kasema asiile kabisa."

Aliondoa sufuria kabla hajajibu. Hilo ndilo ninaloliandika. Mkono ulitangulia mdomo.

2 Desemba
Ildefonce, mtoto wa baba mdogo, alikuja kumsalimia Bazilio. Nikamweleza habari ya sufuria mbili. Alijikandakanda paji la uso kama kawaida yake, kisha akasema, "Dada, mtu mwenye chakula safi hapiki mara mbili."

Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, ila sikutaka kuwa wa kwanza kulisema.

9 Desemba
Shule zimefungwa. Anifa amekuja kukaa, na mtoto wao Imma, wa miaka sita. Mama anamlaza Imma chumbani kwake na kumlisha kwa mkono wake.

15 Desemba
Siku ya kliniki. Nilikwenda mimi na Bazilio, Anifa alikuwa anafua. Daktari ameudhika kwa kuwa dawa zimeongezwa na presha iko palepale. Kwanza alimshuku Bazilio. Akamwambia ameze mbele yake, afungue mdomo, ainue ulimi. Mtu mzima! Kisha akasoma karatasi ya damu na uso ukabadilika.

"Potasi yako iko chini sana. Ndiyo maana miguu inakulegea. Dada, kuna mtu anampa mizizi? Chai ya miti, dawa ya kienyeji ya muda mrefu?"

"Kwa nini?"

"Kuna vitu mtu akinywa mara kwa mara huleta hali hii hii. Chumvi inabaki mwilini, potasi inatoka, presha inapanda."

"Kwa hiyo kuna kitu analishwa."

"Sijasema hivyo. Nauliza."

Atasemaje wakati yeye na Anifa ni wamoja? Lakini ulimi umemteleza. Akaandika dawa nyingine, akachukua damu ya kupeleka Mwanza kupima homoni. Njiani sikumwambia Bazilio neno. Kwa Mama nilisema yote.

16 Desemba
Mama amenijibu kwa neno moja tu: "Umurozi." Mtu wa sumu. Amelisema taratibu, kama anayeweka chini ndoo aliyoibeba mbali.

25 Desemba
Noeli. Anifa alipika pilau ya watu wote. Sisi tulikula wali wa Mama. Pilau wamekula mbuzi na Imma.

28 Desemba
Nimetulia sasa, niandike kama ilivyokuwa.

Jana Mama aliwaita baba mdogo, Ildefonce, shangazi wawili na mzee mmoja wa kanisa. Mvua ilikuwa imekatika, tukakaa uani kwenye viti vya kuazima. Anifa alidhani ni kikao cha kuchangia matibabu. Alikuja na chai.

Hakuna aliyepokea kikombe. Ndipo akaelewa.

Ildefonce ndiye aliyesema, kwa sauti ya juu mno kwa ua ule mdogo. Sufuria mbili. Ndayikeza kulala Busunzu. Daktari kuuliza nani anamlisha mizizi. Maneno yote yalikuwa yangu, niliyaona kinywani mwake yakipita moja moja.

Anifa aliweka sinia chini. "Mimi nimeolewa na mume, sikuolewa na wafu wenu. Mume wangu namnyima chumvi kwa amri ya daktari. Kamuulizeni."

"Daktari ni mwenzako," shangazi akasema.

"Mwenzangu kwa lipi? Mimi wa Kondoa, yeye wa Pangani. Ni kama kusema nyinyi na watu wa Mtwara ni ndugu kwa kuwa wote mnasali Jumapili."

Bazilio alijaribu kusimama. Ulimi ulimgomea, akabaki anasema "si... si..." huku machozi yanamtoka. Mzee wa kanisa akasema, mnaona, anathibitisha. Sikuona alichothibitisha, lakini sikusema kitu.

Mama alimwambia Anifa aondoke na kumwacha mtoto.

"Mtoto simwachi," Anifa alisema. "Kama nawaua watu kwa chakula, huyu ninayempikia tangu aanze kula mbona mzima?"

Mama akamshika Imma mkono mmoja, Anifa akamshika mwingine, na mtoto akapiga ukelele nikainuka bila kujua. Nikaung'oa mkono wa Mama. Sijui kwa nini. Mama hajanisemesha tangu jana.

Getini Anifa alinipa mfuko wa dawa. "Wifi, asubuhi na jioni. Na chumvi asionje. Nichukieni, lakini hilo mlishike."

Nikaupokea kwa ncha za vidole.

3 Januari
Dawa zote nimezitupa chooni. Zilipita mikononi mwake, na tena hazikusaidia kitu. Kuanzia leo kaka yangu anakula chakula cha nyumbani kwao: samaki wa migebuka wa kukausha, supu ya mbuzi, dagaa wa chumvi. Amekula kwa pupa kama mtu aliyetoka kifungoni. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

9 Januari
Anakula vizuri. Uso umejaa. Analalamika miguu tu.

12 Januari
Tumevuna maharage, yote yamelowa. Bazilio aliuliza "Anifa wapi?" Maneno mawili kamili, kwa shida. Ildefonce anasema dawa ya kumfunga bado haijamtoka. Kichwa changu leo kama kimekanyagwa.

17 Januari
Ameanguka tena.

Ilikuwa asubuhi, nimeshika bakuli la supu, namwambia amalizie. Alinitazama kama mtu aliyeitwa na mwingine nyuma yangu. Kisha akainama upande wa kulia, upande uliokuwa mzima. Supu ilinimwagikia miguuni. Mama alipiga kelele za msiba kabla hata hatujamgusa, nikamzibia mdomo kwa kiganja changu, mama yangu mzazi, kwa sababu Bazilio alikuwa bado anapumua na niliogopa asije akazisikia.

Tumempeleka kwa bajaji, kichwa chake mapajani mwangu. Barabara yote tope.

Na Anifa hayupo. Hajagusa sufuria ya nyumba hii tangu Desemba. Nimejaribu kutafuta njia ya kuuzunguka ukweli huo. Simu? Jini? Ildefonce anasema wanaweza kutuma. Lakini alichoanguka nacho mdomoni ni supu yangu.

19 Januari
Yu hai. Hasemi.

Dokta Zuhra aliniita ofisini. Nilijiandaa kwa matusi.

"Nani alikuwa anampa dawa?"

"Mimi."

"Ulimpa?"

Nikaangalia sakafu. "Nilizitupa."

"Na chumvi?"

"Alikula tunachokula."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alinitazama kwa muda, tena si kwa hasira, kama ninavyoitazama nguo kujua imekosewa wapi. "Wewe kichwa kinakuuma?"

"Ni macho. Nashona."

Akanifunga ile mashine mkononi. Ikabana, ikaachia. Akaifunga tena. Mia na tisini na kitu kwa mia na ishirini. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akajifunga mwenyewe mbele yangu, ikasoma presha ya mtu mwenye afya yake.

"Una miaka mingapi, dada Divine?"

"Ishirini na tisa."

"Kaa hapo. Usiende kokote."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikifanya ninachokijua, kutafuta nani. Nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi nione lini Anifa alinipata. Harusi ya binamu, sikula. Kipaimara, sikula. Noeli, sikula. Miaka saba nimejihadhari hata na maji yake. Hakuna siku aliyonipata.

Na Baba. Baba alikufa kabla Anifa hajajua kama kuna mji unaitwa Kasulu. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Nililiweka pembeni kama kipande cha kitambaa kisichoingia kwenye mshono.

23 Januari
Majibu ya Mwanza yamekuja. Tumeanzishiwa dawa nyingine, mimi na Bazilio, jina lake amiloride. Nameza. Bado nakiangalia kidonge pande zote kabla.

2 Februari
Presha ya Bazilio imeshuka. Yangu pia. Leo nimeamka kichwa kikiwa chepesi, nikaogopa, nikadhani nimekufa.

Daktari alitukalisha, mimi na Mama, akaeleza. Naandika nilivyoelewa.

Figo huchuja chumvi, nyingine huitoa kwa mkojo, nyingine huirudisha mwilini. Inayorudi hupita kwenye vijilango vidogo mno, viko kwenye kuta za seli za figo. Mwili hauviachi vikae. Ndani ya seli kuna kitu cha kukagua. Hukishika kijilango kwenye mkia wake, hukibandika alama ya protini ndogo iitwayo ubikwitini, na kilichobandikwa alama huvutwa ndani na kuvunjwa. Vipya hutengenezwa, vya zamani huondolewa, hesabu inabaki sawa.

"Kwenu," daktari alisema, "nadhani mkia wa kijilango una kasoro. Mkaguzi hana pa kushika. Alama haibandikwi, vijilango haviondolewi, vinazidi kuongezeka na kubaki wazi. Chumvi inarudi mwilini usiku na mchana, maji yanaifuata, presha inapanda. Na kila chumvi inavyorudi, potasi inatoka."

Nikamuuliza mbona alitafuta mizizi.

"Kwa sababu ipo mizizi inayoleta picha ileile. Niliuliza vibaya, au niliuliza mbele ya mtu asiye sahihi. Dawa niliyompa Desemba huzuia homoni inayoamuru chumvi ibaki. Haikufaa, na majibu ya Mwanza yameonyesha kwa nini. Homoni hiyo kwake karibu haipo. Hakuna anayeamuru, milango yenyewe imegoma kuondoka. Hii ya sasa inaiziba milango. Damu yenu mwalimu wangu wa chuo cha udaktari ameipeleka ipimwe vinasaba, majibu yatachelewa, lakini dawa imekwisha kutujibu."

"Tumeitoa wapi?" Mama aliuliza.

"Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anaweza kuirithi au asiirithi, nusu kwa nusu. Wewe nimekupima, mama, presha yako nzuri."

Mama akamalizia mwenyewe. "Ni Stanislaus, basi."

"Hakujua, mama."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyefanya," nikasema.

"Hakuna mtu."

Nilitegemea kushukuru. Badala yake nilihisi kama nimesukuma mlango kwa bega lote na kukuta haukufungwa. Chuki yote hii niipeleke wapi?

Mama alianza kulia pale pale kwenye kiti cha daktari. Kwa Baba hakulia, kwa Ndayikeza hakulia. "Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, nami sikujua anamtaja nani kati yetu.

10 Februari
Nimekwenda Busunzu. Basi lilikwama kwenye matengenezo ya barabara, nimefika nimeloa hadi ndani. Anifa alikuwa anasahihisha madaftari barazani. Hakuinuka.

"Kafa?"

"Hapana."

Ndipo akaweka kalamu chini, akaikalia mikono yake.

Nilimweleza yote, za supu, za dawa chooni. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasema, "Wifi, nisamehe."

"Ulizitupa zote?"

"Zote."

"Nilikwambia getini."

"Uliniambia."

Imma akaja kutazama ni nani. Imma amekwisha pimwa, zahanati ya kule, Anifa alimpeleka mwenyewe tangu Januari. Mama yake alikwisha anza kuwaza kwamba huenda ni ugonjwa wa ukoo, peke yake kule, wakati sisi tunasaka mchawi. Kwa sasa yuko salama, lakini atapimwa kila mwaka.

"Mume wangu nitamchukua," Anifa alisema. "Atakaa hapa, kwangu. Lakini nilifukuzwa mbele ya watu, na watu walewale wanisikie nikisafishwa. Si wewe kuja kunong'ona barazani kwangu."

"Nitasema."

"Tutaona."

Hakunikaribisha chakula. Nilikuwa na njaa kali na ningekila.

24 Februari
Baba mdogo hapokei simu.

3 Machi
Bazilio ametamka jina lake mwenyewe. Na la mkewe. Langu bado.

16 Machi
Kikao kimefanyika, uani palepale. Anifa alikuja kumchukua Bazilio, akasimama nje ya uzio, akakataa kuingia.

Nilisimama nikasema. Kwamba habari ya sufuria niliieneza mimi. Kwamba dawa nilizitupa mimi. Kwamba ugonjwa uko katika damu ya Baba, na mimi ninao. Nilijaribu kueleza milango na ile alama, nikaona nyuso zao zinaondoka moja moja kama watu kwenye mahubiri marefu. Shangazi mkubwa akamnong'oneza mwenzake, na hakujali kama nasikia.

"Amekwisha mpata na huyu."

"Tangu alipokwenda Busunzu," mwenzake akajibu.

Ildefonce akasema kwa sauti, "Dada, amekulisha nini huko?"

"Hata maji hakunipa."

Wakatazamana. Hilo pia kwao lilikuwa ushahidi. Nilizijua nyuso zile, ni uso wangu wa Novemba.

Aliyeinuka ni Mama. Akatoka hadi kwenye uzio. Akapiga magoti kwenye tope, yeye mama mkwe, mbele ya mukazana wake, mke wa mwanawe. Anifa alishtuka, akamwinua haraka kabla magoti hayajakaa sawa. "Usinifanyie hivi, mama, watasema nimekuroga na wewe." Sijui kama ulikuwa utani. Mama alicheka na kulia pamoja. Anifa hakucheka.

Wameondoka na Bazilio kabla ya mvua. Kwenye gari alinipungia mkono ule unaofanya kazi kidogo.

17 Machi
Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu.

19 Machi
Mteja mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakishona. Amesema amebadili mawazo. Nimeona alivyoangalia kikombe changu cha chai.

22 Machi
Daktari ameniachia mashine ya presha kwa muda, nijipime asubuhi na kumwandikia. Naiweka dukani chini ya meza ya kukatia.

26 Machi
Leo asubuhi Ildefonce amekuja dukani. Alileta suruali. Alisema zipu imekufa. Nikaivuta, ikapanda na kushuka bila tatizo. Nikamtazama.

Aliangalia nje, sokoni, kama kuna mtu anamfuata. Paji la uso alikuwa amelishika kwa vidole viwili.

"Dada. Baba yangu na baba yako ni tumbo moja."

"Ndiyo."

"Hicho kipimo. Kinauma?"

Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri tangu ile siku ya kikao. Nikashusha pazia la duka ili watu wa njiani wasione, nikatoa mashine chini ya meza.

"Hakiumi," nikamwambia. "Kunja shati."